Gari Lililozibwa Kama Boti

Kama hujawahi kushuka garini kitenge kimekulowa nyuma, mbele ya soko zima la Mboko, basi Fundi humjui. Unaweza kuwa umemsikia tu. Pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kila mtu alimsikia: Fundi wa boti, yule wa ufukweni, ambaye boti zake hazivuji. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na siku za soko nilipanda gari lake na mzigo wangu wa vitenge. Kwa hiyo niacheni niseme mimi. Nilimpenda yule mzee kama kaka yangu, na kuna siku nilitamani kumtupa ziwani.

Angezama, maana hakujua kuogelea. Ndiyo, sikiliza vizuri: mtu aliyetengeneza boti tangu ujana wake alikuwa anaogopa maji. Boti ikiisha, wenyewe walikuja kutoka rasi ya Ubwari, wakaisukuma kwa nyimbo, wakaondoka. Yeye alisimama kwenye mchanga mkavu, suruali ameikunja hadi magotini kama anayetaka kuingia, na hata unyayo haukulowa. Ukimwuliza anakujibu kwa ukali.

"Mi natengenezaka boti, sipandake boti. Ule fundi wa sanduku ya maiti, anaingiaka ndani ajaribu?"

Utamjibu nini mtu kama huyo? Unacheka, unaenda zako.

Kazi yake kubwa ilikuwa kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao. Alikuwa anasokota pamba, anaipigilia katikati ya mbao mbili kwa patasi butu, halafu anamwagia gudroni, ile lami nyeusi, ya moto juu yake. Akimaliza anazunguka boti polepole, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio. Ko, ko, ko. Ubao uliokunywa maji una sauti yake, na yeye aliijua. Nimeona watu wanamletea boti nzima, rangi mpya, wanaisifu, naye anagonga mara moja na kusema, "Hapa iko ugonjwa." Wakifungua wanaukuta. Kwa hilo sitamnyima haki yake.

Na alikuwa na neno lake, nimelisikia mpaka masikio yameota sugu: "Maji ni mwizi. Mwizi hapitake kwa mulango. Anatafutaka chini."

Kwa boti ni kweli. Lakini Fundi alikuwa analipeleka neno hilo kila mahali. Mwaka mmoja bati langu lilitoboka, mvua ikawa inanyesha sebuleni. Alikuja bila kuitwa, na jembe begani, akaanza kuchimba mfereji kuzunguka nyumba yangu, kwa kuwa maji yanatoka chini. Nikamwambia, Fundi, ni bati. Akaingia ndani ili anieleze vizuri kosa langu. Alipokuwa anaeleza, tone likaanguka juu ya kofia yake, ta! Alisogea kidogo kando, akaendelea kueleza. Mfereji ule ulimvunja kuku wangu mguu.

Basi mtu huyo ndiye aliyenunua gari.

Alilinunua kwa ajili ya Mama Fundi, mke wake. Mama alikuwa na pumu. Akipanda pikipiki, vumbi la barabara linamfunga kifua, anarudi nyumbani midomo imebadilika rangi. Akizungumza, anasema maneno matatu, anasimama, anavuta hewa, anaendelea. Fundi hakuweza kuvumilia kuiona hali ile. Aliuza mbao zake zote nzuri alizokuwa anakausha kwa ajili ya boti kubwa, akaleta gari dogo jeupe, usukani kulia, limechoka lakini linatembea. Siku ya kwanza alimfungulia Mama mlango kama bibi arusi, akapandisha vioo vyote. "Bon," akasema, "sasa vumbi itakupatia wapi?" Mama alilia kwa furaha. Ilikuwa kiangazi, na kwa kweli alipumua vizuri.

Halafu mvua za kwanza zikaja. Katika safari ya Fizi walivuka mto uliojaa, maji yakaingia kidogo kwa chini, yakalowesha viatu vya Mama. Wenye magari wote wa kwetu wanajua hilo, unakausha, yanaisha. Lakini Fundi alirudi Baraka na uso wa vita. Kesho yake gari lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo kama boti, pale ufukweni, katikati ya boti nyingine, na yeye yuko chini yake, chali, na pamba na patasi na kopo la gudroni. Alipiga kalafati gari zima. Kila tundu aliloliona, alilijaza: sakafuni, kwenye maungio, chini ya milango, kote. Na sisi watu wa mtaa tulifanya nini? Tulisimama tukamsifu! Sote ni watu wa ziwa. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini waliotengeneza gari walitoboa matundu chini ya milango. Tuliona tundu, tukaona hatari.

Kuanzia hapo gari likawa kisima.

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi kapeti la upande wa Mama linakamulika. Ukifungua mlango, harufu inakupokea kabla ya salamu: harufu ya shuka lililosahaulika ndani ya beseni. Vioo vinajaa ukungu wa pumzi, mtu haoni hata pua ya gari. Fundi akatafuta dawa. Dawa yenyewe ilikuwa ni kumpa Mama kitambaa afute kioo kwa ndani, na yeye atoe kichwa nje ya dirisha, mvua inampiga, anaendesha huku anaimba wimbo wa kanisani. Tulikwenda Mboko hivyo. Mimi nyuma, miguu juu ya mzigo. Kila akikanyaga breki, milango inasema chwaaa kwenda mbele. Akiondoka, chwaaa kurudi nyuma.

"Fundi, nini inalia hivi?"

"Ni esansi. Nilijaza tanki."

"Tanki iko ndani ya mulango?"

"Mama Bitenge! Mi nakufundishaka kukata bitenge?"

Pale sokoni nilipofungua mzigo, vitenge vya chini vilikuwa vimeota kuvu, madoa meusi kama nzi waliokufa. Wateja wanashika kitambaa, wanakisogeza puani, wanakirudisha juu ya meza kwa adabu. Ile adabu ndiyo iliyoniua. Na mzee wangu yuko pale kando yangu anawaambia wateja kuwa siku hizi viwanda vinatengeneza vitenge vibaya.

Unajua kwa nini alibisha hivyo? Si kiburi peke yake. Pua yake ilikuwa imekufa. Moshi wa gudroni wa miaka mingi uliiua. Huyu mtu aliweza kula ndagala, dagaa wa kwetu, walioharibika na kuomba waongezwe. Kwa hiyo ukimwambia gari linanuka, kwake ilikuwa habari ya kusikia tu, na habari ya kusikia ina majibu mengi. Mara ni samaki wa watu wa Ubwari aliowabeba. Mara ni maziwa ya mzee mmoja mfugaji wa Bibokoboko, kule milimani, ambaye alipanda siku moja na kidumu kikamwagika. Yule mzee wa maziwa, mtu mpole, aliwahi kuniambia pembeni, "Mama, maziwa yangu ilimwangika mara moja tu. Ile harufu niliikuta ndani, hata ilinisalimia."

Nisimpake Fundi matope tu. Hakuna mgonjwa aliyempitia akamwacha barabarani. Mwanamke akishikwa na uchungu mtaani, walikuja kugonga kwa Fundi, naye alitoka mbio, shati halijafungwa, anawatukana kwa nini wamechelewa kumwita. Alikuwa na tabia hiyo: mkono unakusaidia, mdomo unakutukana. Mjane mmoja alimletea mtumbwi uliooza, akautengeneza bure kwa siku kadhaa, na siku zote hizo alimgombeza mjane yule mpaka akaomba auchukue hivyo hivyo. Hakumpa mpaka ulipokwisha.

Lakini kifua cha Mama kilizidi kubana. Hilo ndilo lililonitoa usingizi. Kila Jumapili wakitoka kanisani kwa gari, anashuka anakohoa, anashika ukuta. Fundi anasema ni upepo wa ziwa, kwa hiyo anafunga vioo zaidi. Anamfungia ndani ya ile harufu, kwa upendo! Nilimfuata Mama jikoni, nikamwambia wazi.

"Mama, hii gari inakuua. Wewe una pua. Umuambie."

Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Ananiulizaka kila siku," akasema, akavuta hewa. "Inanuka? Mi namujibu... inanukia muzuri."

"Juu ya nini unamudanganya?"

"Aliuza mbao zake, dada. Angalia uso yake... wakati ananifungulia mulango."

Jamani! Nilitoka jikoni mle nimekasirika na wote wawili. Mmoja hana pua, mwingine ana pua anaificha, na kati yao kuna kifua kinachofungika. Nikajaribu kumwambia Fundi mwenyewe kwa mara nyingine. Akanitazama kwa huruma. "Bibi yangu anasema inanukia. Nisikilize nani, bibi yangu ao muuza bitenge?"

Ikaja ile alasiri. Mvua kubwa, ile inayoficha ziwa lisionekane. Mama alibanwa vibaya, akawa anavuta hewa mabega yanapanda. Tukamwingiza garini, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, mimi nyuma nimemshika. Safari ya kwenda hopitali si ndefu. Lakini ndani ya safari ile fupi nilimwona anakwenda. Kichwa kililegea begani kwangu. Fundi amechomoza kichwa dirishani, anapiga honi, anaimba wimbo wake wa kanisani, na milango inamjibu chwaaa, chwaaa. Nilifungua kioo cha kwangu kwa nguvu, mvua ikaingia, Mama akageukia mvua akafungua mdomo kuipokea.

Tulipofika, wauguzi walimchukua, wakamwekea oksijeni. Baada ya muda daktari akatoka nje, akaenda garini, akaingiza kichwa. Alikitoa haraka.

"Mugonjwa anakaaka humu?"

"Ndiyo," Fundi akasema. "Nilimununulia yeye."

"Asiingie tena. Hii kuvu peke yake inatosha kumufunga kifua. Mungechelewa kidogo tu, Mzee, tungemupoteza."

Fundi akaanza habari ya upepo wa ziwa. Daktari alikuwa amekwisha kugeuka. Nikamwona mzee wangu amesimama na neno lake mdomoni, hana wa kumpa.

Mimi sikumhurumia hata kidogo, nilikuwa nimejaa mpaka hapa. Siku ya pili asubuhi, jua limetoka, nilikwenda kwake ufukweni na bakuli la unga wa muhogo.

"Nipe ufunguo."

"Unataka kupika ndani ya gari?"

"Nataka kuona mwizi wako anapitia wapi."

Sisi wanawake wa soko, kibanda kikivuja na hujui wapi, unanyunyiza unga juu ya meza. Tone likianguka, unga unakuonyesha. Nikafungua gari, nikanyunyiza unga kila mahali: juu ya gunia kavu nililotandika kwenye kapeti, kwenye ukingo wa milango, pale chini ya kioo cha mbele hadi kwenye miguu ya abiria. Gari likawa jeupe ndani na nje. Fundi alikaa juu ya kigogo, mikono kifuani, anangoja kunicheka. "Tazama chini," anasema. "Utaona iko kavu. Mi ndiye nilifunga chini."

Nikachukua kidumu cha maji, nikamwaga juu ya paa, polepole, halafu kwenye kioo cha mbele, pale panapolala vile vifutio. Nikamwita. Akainama, akaingiza kichwa.

Chini palikuwa pakavu, kweli. Unga wa sakafuni haukuguswa. Lakini kutoka juu, nyuma ya dashibodi, mstari wa uji ulikuwa unateremka kwenye unga, unaongezeka, unaenda kulala upande wa Mama. Nikampeleka mbele, nikainua kile kifuniko chini ya vifutio. Majani! Majani ya misimu yote, yameoza yamekuwa udongo, yameziba njia ya maji. Maji yakikosa njia yanaingia ndani.

"Hiyo ni kidogo," akasema. Lakini sauti haikuwa yake.

"Na hii?" nikamwambia, nikaupiga mlango kofi.

Alinyoosha mkono ili anizuie, kisha mkono ule ukafanya kazi unayoijua. Akakunja kidole, akagonga mlango juu. Ko. Akashuka. Ko. Akashuka tena, na hapo sauti ikabadilika, ikawa nzito, duu. Akainamisha sikio, akagonga tena palepale. Nimeshamwona akifanya hivyo kwenye boti mia za watu wengine, na kila mara anasimama kama mfalme. Safari hii alipiga magoti.

Alikwenda akaleta patasi, akalala chini, akaikwangua gudroni yake mwenyewe chini ya mlango wa Mama. Maji yalitoka kwa nguvu, meusi, yakamrukia usoni, yakaendelea kutoka, yakaendelea. Mlango mzima ulikuwa umejaa. Akahamia wa pili, wa tatu, wa nne. Ufuko ulilowa kama mtu ameosha kondoo. Alipoinuka, ndevu zinadondoka, alisema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kutoka kwake katika dunia hii.

"Nilimufungia na maji. Mi mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumwambia siku hiyo. Nilikuwa nayo tangu Mboko. Nikashika kiti cha Mama, nikaanza kukivuta.

Basi tukang'oa viti, tukang'oa kapeti. Chini ya kapeti sponji ilikuwa imeota kuvu nene, kijani na nyeusi, tukaichoma moto. Kapeti tulilisugua kwa sabuni, tukalianika kwenye mawe, kando ya wanawake wanaoanika ndagala, na walitufukuza kwa sababu harufu yetu ilishinda ya kwao. Fundi alisafisha njia za maji kwa waya, akaacha matundu yote wazi, akayachungulia moja moja. Kazi hiyo aliifanya kila siku Mama alipokuwa hopitalini. Na kila jioni aliniita, ananiketisha kwenye kiti cha Mama, anafunga vioo vyote, anasimama nje.

"Pumua," anaamuru. "Vuta sana. Inanuka?"

"Inanuka."

"Kesho tutaianika tena."

Nilikuwa na watoto wa kulisha na meza sokoni, na mimi nimefungiwa ndani ya gari napumua kwa ajili ya watu. Nikikataa, ananifuata hadi kwenye meza yangu, anawaambia wateja wangu kwamba maji ya gari yanatokaka juu, si chini, na kwamba watu wengi hawajui hilo. Anawaeleza kwa kidole! Kama yeye ndiye aliyeligundua!

Siku aliyoruhusiwa Mama kutoka, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kuacha. Fundi alivaa shati la kanisani. Tulikwenda na gari, madirisha wazi, tukalisimamisha mlangoni mwa hopitali. Mama akatoka, mwembamba, ameshika furushi lake. Fundi akamfungulia mlango kama ile siku ya kwanza, lakini akasimama katikati, hakumpisha.

"Ngoja," akamwambia. "Usiingie bado. Inama, pumua."

Mama akainama, akavuta hewa. Fundi alikuwa anamtazama usoni kama anayesubiri hukumu. Mama akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nilijua jibu lake, nililijua kwa moyo, na damu ilianza kunichemka.

"Inanuka," Mama akasema.

Fundi aliushika mlango kwa mikono miwili.

"Kidogo, lakini inanuka. Na toka zamani ilikuwa inanuka, Papa."

"Na juu ya nini hukuniambiaka?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Yule mzee akashusha kichwa, akakitikisa, nikadhani analia, na labda alilia. Kisha akaufunga mlango taratibu. Akachukua furushi la Mama, akaliweka juu ya kichwa chake mwenyewe, Fundi mzima, mbele ya watu wote waliokaa kwenye kibaraza cha hopitali, na mkono mwingine akampa Mama aushike. Ufunguo akanitupia mimi.

"Mama Bitenge! Leta gari nyumbani. Uache madirisha wazi!"

"Fundi! Mi sijui kuendesha!"

Hawakugeuka. Niliita tena, nikapiga honi, watu wakacheka, hawakugeuka. Walikuwa wanateremka barabara polepole, wanaruka madimbwi, na Mama alikuwa anamgombeza, anamgombeza tu, maneno yanafuatana bila kusimama kuvuta hewa.